Parachuti Ishonwe Kwanza

Wajukuu zangu, niwafanyieni hesabu kwanza, maneno mengine yatafuata. Chupa ya soda ya lita moja na nusu, ikishabandikwa mabawa na kuvalishwa pua, huwa na uzito wa gramu 150 hivi. Mkiitia maji kiasi na kuijaza upepo kwa pampu ya baiskeli, inaweza kupanda mita 50. Kule juu itasimama kitambo kidogo, itageuka, pua itatazama chini, na itakapofika ardhini itakuwa na kasi ya karibu mita 25 kwa sekunde. Hizo ni kilomita 90 kwa saa. Sasa wekeni chini ya pua hiyo kichwa cha mtoto wa darasa la pili aliyekimbia mbele ya wenzake ili awe wa kwanza kuidaka.

Roketi hiyohiyo ikining'inia kwenye parachuti yenye kipenyo cha sentimita 41 hutua kwa mita 5 kwa sekunde. Kasi imepungua mara tano, lakini nishati ya pigo imepungua mara ishirini na tano, kwa sababu nishati ya mwendo hufuata mraba wa kasi. Mtoto atashtuka, atajisugua bega, atacheka. Tofauti ya kicheko na msiba hapo ni kipande cha kitambaa na nyuzi nane.

Nimeiona roketi yenu. Imechorwa bendera, mabawa yamenyooka, bomba la kurushia limefungwa kwa waya vizuri. Nilipouliza itashukaje mlitazamana, halafu mmoja akasema, "Bibi, si itaanguka tu, ni plastiki." Nimefundisha fizikia mpaka nikastaafu, na wanafunzi walionijia kuuliza namna ya kupandisha kitu juu zaidi siwezi kuwahesabu. Wa kuuliza habari za kushuka walikuwa adimu. Wazee walisema aliye juu mngoje chini, na ninyi hamjajiandaa kumngoja. Nawaomba mgeuze kazi yenu yote: shoneni parachuti kwanza, mjue inabeba gramu ngapi kwa kasi gani, mjue inafungwa wapi, ndipo mrudi kwenye chupa, maji na pampu. Roketi ijengwe kuifuata parachuti.

Msione ni jambo la watoto wa shule peke yao. Mwaka 1967 Wasovieti walimpeleka angani Vladimir Komarov ndani ya chombo cha Soyuz 1. Chombo kilimsumbua tangu kilipofika juu, naye kwa ustadi mkubwa akakigeuza na kukirudisha kwenye angahewa. Tarehe 24 Aprili, hatari zote kubwa zikiwa zimeshapita, parachuti ndogo ya kuvutia ilitoka lakini ikashindwa kuitoa parachuti kubwa kwenye kasha lake. Akafungua ya akiba, nayo ikajisokota na nyuzi za ile ndogo. Komarov akafa. Mtu aliyekuwa ameizunguka dunia aliuawa na kitambaa kilichogoma kutoka ndani ya kasha.

Na tarehe 8 Septemba 2004 chombo cha Wamarekani kiitwacho Genesis kilirudi baada ya miaka mitatu angani, kimebeba chembechembe za upepo wa jua. Helikopta zilikuwa tayari juu ya jangwa la Utah zikidake kikiwa bado kinaelea. Parachuti haikutoka kabisa. Kikajikita ardhini kwa zaidi ya kilomita 300 kwa saa. Walipochunguza waligundua kwamba vihisi vidogo vilivyopaswa kutambua kishindo cha kuingia kwenye angahewa vilikuwa vimewekwa juu chini. Mafundi hawakuzembea, waliviweka sawasawa na mchoro, na mchoro ndio uliokosewa, wala hakuna jaribio lililowafumbua macho kabla ya safari. Kwa hiyo msiniambie, "Bibi, tumefuata ile video hatua kwa hatua." Video haiijui roketi yenu.

Tuje kwenye kitambaa. Zamani mtoto wa Pwani aliyetaka parachuti alichukua mfuko wa rambo, akafunga nyuzi nne na kijiwe, mchana ukapita. Tangu tarehe 1 Juni 2019 mifuko hiyo ya plastiki imepigwa marufuku nchini Tanzania, na mimi nilifurahi, maana mifugo ilikuwa inaila na kufa nayo tumboni. Msiende kuitafuta kwa siri. Mifuko mbadala tuliyonayo sasa haifai kazi hii: kitambaa chake kimegandamizwa bila kufumwa, kinapitisha hewa, na ukikikunja kinabaki na makunyanzi yake. Kanga ni nzito, inakunywa umande, na ikilowa inashikamana. Kitambaa kinachofaa kipo nyumbani kwenu nyuma ya mlango: mwavuli uliovunjika mbavu. Ni chepesi, hakinywi maji, kimefumwa kwa kubana kiasi kwamba upepo unapita kwa shida, na mara nyingi kimekwisha kuunganishwa kwa vipande vinane vinavyokutana katikati. Fumueni mwavuli kwenye mbavu zake, kitambaa kitandazwe, mchore duara kuanzia kitovu, mkate. Mishono minane inayotoka katikati itawaonyesha mahali pa kufunga nyuzi nane bila hata kupima pembe. Kama kuna mwavuli wa kijani na mwingine mwekundu, chukueni mwekundu. Kijani kikitua kwenye mkorosho mtazunguka hapo mpaka adhuhuri.

Ukingo ukunjeni na kuushona, maana kitambaa hicho kikikatwa huchanika kuelekea ndani. Wengine huunguza ukingo kwa mshumaa ili nyuzi zake ziyeyuke na kushikana. Inawezekana, lakini mtu mzima awepo.

Ukubwa wa parachuti hautokani na kitambaa kilichopatikana. Unatokana na uzito. Ibebeni roketi yote ikiwa kavu mpaka dukani, mumwombe mwenye duka aipime kwenye mizani yake. Nikisema yote nina maana ya chupa, mabawa, pua, kamba, na parachuti yenyewe pia. Mwaka 1837 huko Uingereza mtu aitwaye Robert Cocking alishuka kutoka kwenye puto kwa parachuti aliyoibuni mwenyewe, na katika hesabu zake hakuingiza uzito wa hiyo parachuti, uliozidi kilo 100. Ikavunjika hewani, akafa. Gramu kumi za kitambaa chenu ni kidogo, lakini ziingizeni kwenye hesabu, ili mzoee kuhesabu kila kitu kinachoanguka.

Mkitaka kutua kwa mita 5 kwa sekunde, hivi ndivyo vipimo nilivyovipata kwa parachuti ya duara iliyokatwa bapa: roketi ya gramu 100 inataka kipenyo cha sentimita 33, ya gramu 150 inataka 41, ya gramu 200 inataka 47, na ya gramu 400 inataka 67. Tazameni vizuri namba ya kwanza na ya mwisho. Uzito umezidi mara nne, kipenyo kimezidi mara mbili tu, kwa sababu kinachoshika hewa ni eneo, na eneo hufuata mraba wa kipenyo. Anayeongeza uzito kidogo kidogo, leo betri, kesho kamera ya simu ya zamani, asisubiri mpaka aone roketi inatua kwa kishindo. Arudi kwenye hesabu kila anapoongeza.

Najua mmoja wenu atasema: kwa nini tusiweke mwavuli mzima wa mita moja, ishuke taratibu zaidi? Kwa gramu 150, parachuti ya mita moja itaishusha kwa mita 2 kwa sekunde. Kutoka mita 50 itakaa hewani sekunde 25. Upepo wa kusi ukivuma mita 6 kwa sekunde, jambo la kawaida alasiri, roketi itakuwa imesafiri mita 150 kando kabla ya kugusa chini. Ile ya sentimita 41 inakaa sekunde 10 na kusogea mita 60. Mita 60 bado mko uwanjani. Mita 150 mko kwenye mihogo ya jirani, au juu ya mnazi, au kwenye nyaya za umeme, na hapo ndipo mtoto anapopanda kufuata kitu kisichomstahili. Parachuti kubwa kupita kiasi inaua kwa njia nyingine. Na msiifanye ndogo mno ili eti irudi karibu: mita 8 kwa sekunde inaonekana si nyingi, lakini pigo lake ni zaidi ya mara mbili na nusu ya lile la mita 5.

Katikati ya kitambaa muache tundu. Mfaransa André-Jacques Garnerin alipojiachia kutoka kwenye puto juu ya Paris tarehe 22 Oktoba 1797, parachuti yake haikuwa na tundu. Hewa iliyonaswa ndani ilikuwa inatoka kwa kumwagika mara upande huu, mara upande ule, na kila ilipomwagika ilimrusha yeye na kikapu chake upande wa pili. Alifika salama, lakini alipepesuka vibaya njia nzima. Baadaye ndipo parachuti zikaanza kuachiwa tundu juu ili hewa itoke polepole mahali pamoja. Kwa parachuti ya sentimita 41, tundu la sentimita 8 linaondoa asilimia 4 tu ya eneo. Ubebaji haubadiliki kwa kiasi cha kuwasumbua, na roketi inashuka imetulia. Kile kitundu cha mwavuli kilichopitisha mti wake ni kidogo mno. Kipanueni, kisha mkizungushie mshono.

Nyuzi ziwe na urefu wa mara moja na robo ya kipenyo, kwa yetu sentimita 50 hivi kila upande. Zikiwa fupi sana, mdomo wa parachuti unavutwa kwa ndani na haufunguki vizuri. Zikiwa ndefu sana zinatafuta pa kujisokota. La muhimu kuliko urefu wenyewe ni usawa: uzi mmoja ukipungua sentimita tatu, parachuti itainama upande huo na kuteleza na upepo. Msikate nyuzi nane mkazifunga moja moja. Kateni nne ndefu, kila mmoja uanzie ukingoni kwenye mshono mmoja, upite juu ya kitambaa kandokando ya tundu la kati, ushonewe njiani, utokee kwenye mshono wa pili unaoukabili. Hivyo uzani unabebwa na uzi wenyewe kutoka upande hadi upande, na kitambaa kinafanya kazi ya kushika hewa tu. Ncha zote nane zikusanyeni, mzinyooshe pamoja kutoka kwenye msumari mmoja, ndipo mpige fundo moja la pamoja.

Uzi wa cherehani usitumike hapa, utakatika. Mshipi wa kuvulia una nguvu lakini unateleza, fundo lake linafunguka lenyewe msipolizungusha mara tano au sita kabla ya kulikaza, na ukikunjwa unakumbuka mikunjo yake. Nendeni kwa fundi viatu, muombe uzi wake wa nailoni. Ni laini, una nguvu, fundo lake linauma. Mkishakata, ncha ziunguzwe kidogo zisifumuke.

Sasa kufunga. Hapa nitakaa, maana parachuti nzuri nyingi zimeonekana zikielea peke yake angani huku roketi ikija chini bila chochote.

Kwanza muelewe nguvu iliyopo. Parachuti ikiwa imeshatulia inavuta sawa na uzito wa roketi, gramu zenu 150. Lakini ikifunguka kwa kuchelewa, roketi ikiwa tayari inaanguka kwa mita 20 kwa sekunde, mvuto wa ghafla unafika mara kumi na sita ya hapo. Zile gramu 150 zinavuta kama kilo mbili na nusu, na kwa kushtukiza. Hilo ndilo mnalotakiwa kulifungia. Ukiangalia roketi imelala mezani utaona kipande cha solatepu kinatosha. Hakitoshi. Kwanza, gundi yake hulegea kwenye jua la Januari na kwenye unyevu wa chupa iliyojaa maji. Pili, solatepu ikivutwa kutoka pembeni inabanduka kidogo kidogo kwa nguvu ndogo kabisa, ingawa ukiivuta kwa urefu wake inakataa. Kwa hiyo kamba inayounganisha roketi na parachuti isibandikwe juu ya chupa. Izungushwe mara mbili kiunoni mwa chupa, pale kwenye ule mfinyo ambao chupa nyingi za soda zinao, ifungwe fundo, halafu utepe wa gundi uzungushwe chupa nzima juu yake ili kamba isihame. Kama chupa yenu imenyooka bila mfinyo, kamba ishuke mpaka chini na kufungwa kwenye shingo, juu ya ule ukosi mpana uliopo chini ya kizibo. Hakikisheni tu haigusi bomba la kurushia.

Na kamwe msitoboe chupa ili kupitisha kamba. Hata tundu la sindano. Chupa hiyo ndiyo inabeba upepo wote mliousukuma ndani. Ukiidhoofisha inapasuka mkononi. Kwa sababu hiyohiyo tumieni chupa za soda tu, ambazo zimetengenezwa kuvumilia gesi. Za maji ya kunywa ni nyembamba, ziacheni.

Kamba kutoka kwenye mwili wa roketi kwenda kwenye pua iwe na urefu wa mara tatu ya roketi nzima. Vijana huifupisha ili iingie vizuri ndani ya pua. Kamba fupi inafanya jambo baya: pua inachomoka kwa kasi, inafika mwisho wa kamba, inarudishwa na kuugonga mwili, au kamba yenyewe inaukata ukingo wa bomba la karatasi lenye parachuti kuelekea chini mpaka roketi inafunguka ubavuni. Kamba ndefu inaipa pua nafasi ya kupungukiwa na kasi kabla haijafika mwisho. Katika sehemu ya kamba hiyo unganisheni lastiki, ile ya kiuno cha sketi, mkono mmoja hivi, ipokee mshtuko. Raba ya manati pia inafaa, lakini jua linaila. Ivuteni kila mara kabla ya kurusha, mkiona nyufa ndogo itupeni. Wala msiitegemee lastiki peke yake. Uzi wa nailoni upite sambamba nayo ukiwa mrefu kidogo kuliko lastiki ilivyolegea, ili ikikatika bado kuna kinachoshika.

Parachuti haifungwi katikati ya kamba. Ifungeni karibu na pua, kwenye theluthi ya kwanza, kwa kitanzi kilichopigwa kwenye kamba yenyewe, ili roketi na pua zining'inie kwa urefu tofauti na zisigongane njiani. Na kati ya fundo la nyuzi nane na kitanzi hicho wekeni kile kiungo kidogo cha chuma kinachozunguka ambacho wavuvi hukiweka kati ya mshipi na ndoana. Hakina bei kubwa, maduka ya zana za uvuvi yanavyo. Roketi ikishuka huwa inajizungusha kwa sababu ya mabawa. Bila kiungo hicho mzunguko unapanda kwenye nyuzi, nyuzi zinajisokota kuanzia chini, mdomo wa parachuti unafungwa, na kile kitambaa kilichokuwa kimefunguka vizuri kinageuka kamba. Wavuvi walishatatua hilo, chukueni kwao.

Mkimaliza, mmoja ashike kilele cha parachuti, mwingine avute roketi kwa mikono miwili, kwa nguvu, kwa kushtukiza, mara kadhaa. Kitakachokatika mikononi mwenu kimewafaa.

Pua ina mtihani wake. Isipobana inatoka mapema, ikibana haitoki. Kwenye roketi ya maji kuna jambo ambalo wengi hawalijui: maji yakishaisha, mwili wa chupa uliobaki mtupu unapunguzwa kasi na hewa haraka, ilhali pua nzito inataka kuendelea mbele. Ukiijaza pua udongo wa mfinyanzi ili roketi iende sawa, inaweza kuchomoka yenyewe roketi ingali inapanda, na parachuti ikafunguka kwenye kasi kubwa na kuchanika. Uzito wa pua muupunguze mpaka kiasi kinachotosha tu kuinyoosha roketi. Kisha shikeni pua, roketi ining'inie chini yake: isianguke. Tikiseni kidogo: ianguke. Ikigoma, punguzeni utepe mliouzungushia ndani. Ikianguka kabla ya kutikiswa, ongezeni. Mtihani huu urudiwe siku ya kurusha, kwa kuwa karatasi na gundi huvimba kwa unyevu wetu wa Pwani, na kilichotosha jana usiku hakitatosha asubuhi.

Kukunja ni kazi ya dakika ya mwisho. Parachuti ikikaa imekunjwa usiku kucha inashika umbo la mikunjo na kitambaa kinagandana. Mkifika uwanjani ikung'uteni, muipake poda ya mtoto kidogo, mkusanye vipande vinane vilalie kimoja juu ya kingine, mkunje mara mbili au tatu. Nyuzi zilazwe juu kwa kwenda na kurudi, zisizungushiwe kitambaa na kukazwa. Vijana hupenda kuzizungusha ili kifurushi kiwe kidogo, na kifurushi kilichofungwa hivyo kinaanguka kikiwa kifurushi. Kwanza iingie kamba, ndipo parachuti, ili pua ikitoka parachuti itangulie.

Halafu jaribuni bila roketi. Tieni mchanga wa gramu 150 kwenye soksi, mfunge parachuti, mtu mzima apande mwembe na kuiachia ikiwa imeshafunguliwa. Simamisheni mwanzi mrefu uliochorwa mstari kila mita moja, na simu irekodi. Simu nyingi huchukua picha 30 kwa sekunde. Soksi ikipita mita tatu za mwisho kwa picha 18, kasi ni mita 5 kwa sekunde barabara. Picha 12 maana yake inakuja kwa mita 7.5, ongezeni kitambaa. Daftari liwepo. Nataka kuona namba.

Kuhusu saa na mahali sina maneno mengi. Rusheni saa moja asubuhi, kabla upepo haujaamka. Simameni upande upepo unakotoka, watoto wadogo wawe nyuma yenu, na mtu mmoja asiwe na kazi nyingine ila kuitazama roketi mpaka itue. Asidakwe mtu na hamu ya kuidaka. Mwenyekiti wa kijiji aambiwe mapema. Wale wenye ndugu upande wa Soga na Ruvu wakitaka kwenda kurusha kule, wakae mbali kabisa na reli ya SGR: nyaya za juu yake zina umeme wa volti 25,000, na uzi uliolowa maji ukining'inia hapo haushikwi na mtu. Roketi ikikwama kwenye waya wowote, wa treni au wa TANESCO, imekwisha. Mpigieni simu mwenye waya, mrudi nyumbani.

Kuna swali lililoulizwa pembeni, kuhusu baruti. Nalijibu waziwazi: msichanganye baruti, si kidogo, si kwa majaribio. Mchezo wenyewe wa roketi ndogo ulizaliwa kwa sababu hiyo. Mwaka 1954 huko Nebraska, Marekani, muuza viatu aitwaye Orville Carlisle pamoja na ndugu yake Robert walibuni roketi nyepesi ya karatasi inayorudi kwa parachuti, wakaiita Rock-A-Chute Mark I. Miaka mitatu baadaye Carlisle alisoma makala ya mhandisi G. Harry Stine kuhusu vijana waliokuwa wanajiumiza kwa kujitengenezea roketi, akampelekea ya kwake. Kutoka hapo zikaja injini ndogo zinazotoka kiwandani, ambazo mtoto hagusi unga wake. Ya kawaida huandikwa C6-5: herufi inaeleza ukubwa wa msukumo wote, 6 ni wastani wa nguvu kwa nyutoni, na 5 ni sekunde za kungoja kabla ya kishindo kidogo kinachosukuma pua na kutoa parachuti. Hata huko, ukikosea ile namba ya mwisho, parachuti inatoka roketi ikiwa inakuja chini kwa kasi. Na kishindo hicho ni cha moto, kwa hiyo kati yake na kitambaa huwekwa karatasi iliyotiwa dawa ya kuzuia kuwaka. Karatasi ya kawaida hutoka ikifukuta na kuanguka kwenye majani. Nani kati yenu atamweleza mwenye mikorosho kilichounguza shamba lake mwezi wa tisa?

Mtakaofika chuo kikuu mtayakuta hayo kwa utaratibu wake, mkiwa na wasimamizi, mkiwa na ruhusa za serikali na za Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Jirani zetu wameshaanza. Wanafunzi wa chuo kikuu cha JKUAT kule Juja, Kenya, katika mradi wao wa Nakuja, wanajenga roketi zao wenyewe, na sehemu kubwa ya kazi yao ni kompyuta ndogo inayosoma mgandamizo wa hewa ili ijue roketi imefika kilele na iamuru parachuti itoke. Mtoto wa hapa kwetu Vihingo aliyekwisha kushona parachuti, akaipima kwa soksi ya mchanga na kuandika namba zake, akikaa kwenye meza ile hatakuwa mgeni.

Jumamosi njooni kwangu baada ya chai. Leteni mwavuli uliovunjika, uzi wa fundi viatu, rula na daftari. Cherehani nimeitia mafuta na nimebadilisha sindano. Chupa iacheni nyumbani.